Monita Kutoka kwa Gordon

Ketty, uko hapo? Gordon ana mke.

Mke, Ketty! Mchana huu mwanamke nisiyemjua ameingia dukani kwangu hapa Namatala, ninapofundishia kompyuta, amebeba monita iliyofungwa kwa shuka. Nikadhani ni mteja.

"Wewe ndiye mwalimu? Mimi Margret, mama watoto wa Gordon. Nimetoka Jinja na basi. Bwana yangu anasema kompyuta yako haina macho."

Mama watoto. Na mimi nimeshachagua gomesi, gauni la sherehe, ya siku ya kumtambulisha Gordon kwetu kama mchumba! Hakuwa na ujasiri wa kuniambia, akamtuma mkewe.

Nikaunganisha ile monita ili nisimtazame usoni. Maandishi yakatokea, kisha giza. Monita ni ya 1989, kompyuta ni ya mwaka huu, 1998, picha yake imeizidi nguvu. Nikaiwasha kompyuta upya, nikapunguza ukubwa wa picha hadi kiwango cha chini kabisa. Ikashika.

"Eh, mwalimu! Unalia kwa furaha?"

Nikasema ndiyo.

"Gordon anasema uliahidi kunifundisha kutaipu."

Kweli niliahidi, Ketty. Mwezi jana aliniomba nimfundishe dada mmoja wa Jinja, nikasema aje tu, bure. Sikuuliza ni dada gani.

Nimemkalisha. Nimeshika vidole vyake, nikaviweka juu ya herufi kimoja kimoja. Akaandika jina lake. Kisha akaandika la Gordon, polepole, akaniuliza kama amekosea.

Nikamwambia hapana, dada, umeandika vizuri. Tuendelee.