Mama, Safari Hii Naja na Kiganja Kitupu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Nakuandikia Jumapili baada ya ibada, nimekaa juu ya debe nje ya kambi. Vidole vimekakamaa kwa panga la wiki nzima, ndiyo maana herufi zimelala ovyo. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza angeniona angenirudisha nyuma, kama pangekuwa na nyuma pa kunirudisha.

Najua ni shemeji Anaeli anayekusomea. Shemeji, nakuomba usome yote, hata pale utakapoona aibu. Tena usisome ndani mkiwa peke yenu. Ngoja mama zangu wa jirani waje kukaa na mama kama wanavyofanya wakitoka kanisani, ndipo usome kwa sauti. Barua hii si ya siri. Nataka waisikie wote, maana nao wamo.

Mama, Ndewario amerudi. Huyu mtoto wa jirani yetu ng'ambo ya mfereji, ninayekata naye miwa hapa, nilimtuma na sukari yako kama kawaida. Amerudi na habari ambazo hujanitumia. Ameniambia kidonda cha kidole cha mguu hakijafunga tangu masika. Ameniambia dresa wa hospitali ya misheni, yule mfunga vidonda, amekupima, akakwambia una ugonjwa wa sukari, na kwamba usipoacha vitu vitamu mguu utakatwa. Wewe ukamwitikia vizuri, "Ndiyo, mwanangu, nimesikia," ukarudi nyumbani Kikwe ukaificha sukari yangu ndani ya kibuyu cha mbegu za maharage. Anaeli alipoiona ukamwambia, "Sukari ya mwanangu haiwezi kuniua. Ingekuwa ya duka ningeogopa."

Na Ndewario alipokuaga ukamtuma neno: "Mwambie akija bila sukari nitajua huko aliko amenisahau."

Hilo neno ndilo limenikalisha juu ya debe leo.

Unakumbuka baba alivyokuwa akirudi kutoka msituni, kule juu mlimani alikotundika mizinga yake? Alikuwa hasalimii mtu. Ananawa mferejini, anafungua kibuyu, anamimina asali kidogo kiganjani, anakuja moja kwa moja hadi ulipo, hata kama uko chini ya ng'ombe unakamua. Wewe unainama, unalamba. Hapo ndipo anauliza, "Habari za nyumbani?" Bibi, mama yake, alikuwa anageukia ukutani. "Mnalambana kama ng'ombe na ndama," anasema, "na watoto wanaangalia!" Siku moja ukamjibu huku kidevu chako kinang'aa asali, "Mama, njoo na wewe, upande mmoja nimekuachia." Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

Sijaona nyumba nyingine yenye mtindo huo. Ulikuwa wetu. Anayetoka safari alete kitu kitamu, akilishe kwa kiganja chake, ndipo tunamhesabu kuwa amefika. Baba alipofariki mizinga ikabaki juu ya miti, na sisi wanawe hatukuwa tumejifunza kupanda.

Mara ya kwanza niliporudi kutoka huku kwenye miwa nilikuwa mwembamba, mweusi kwa masizi na jua, hata mbwa wetu alinibwekea. Nilikuwa na mfuko wa sukari nimeukumbatia kifuani tangu nilipopanda gari moshi mjini Moshi. Nikanawa mferejini kama baba, nikamimina, nikakuletea. Ulilamba polepole, umefumba macho. Mimi nikangoja kama mtu anayengoja hukumu. Ukasema, "Hii haina nyuki ndani yake." Ukafumbua macho ukasema, "Lakini ina jasho lako. Nipe tena."

Basi tangu siku hiyo, mama, sijaonja sukari ya posho yangu. Jumamosi wanatugawia unga na maharage, na aliyemaliza kipande, yaani aliyejaza kadi yake ya kazi, anaongezewa sukari. Yangu inakwenda kwenye mfuko wako. Wenzangu wananitania. "Mmeru anaogopa sukari, itamng'oa meno!" Ndewario anawajibu, "Mwacheni, anamwekea mama yake." Wao wanauliza, "Kwani huyo mama ana meno mangapi?" Nacheka nao. Lakini nikueleze ukweli ambao sijakueleza. Hata bila wewe nisingeila. Siwezi.

Wewe unadhani tunakaa kwenye utamu. Huku ni tambarare, joto, hakuna mgomba wa kukaa chini yake, na mlima wetu siku nyingi hauonekani kwa vumbi. Miwa wanaichoma kwanza ili majani yaungue, kisha tunaingia na mapanga. Ukitema mate, yanatoka meusi. Maji ya muwa yanakaukia mikononi kama gundi, nzi wanakufuata mpaka kwenye sahani. Kiwanda kinachemsha mchana na usiku, na ile harufu inaingia kwenye shati, kwenye blanketi, kwenye ugali. Ukinusa kwa muda mrefu namna hiyo, tumbo linakataa. Chai nakunywa bila kitu. Mgongo ukiniuma naegemea mti, nakunywa, nakuwaza wewe unakunywa yako iliyojaa sukari yangu, nasema sawa, angalau mmoja wetu anafaidi.

Sasa nasikia hukuwa unafaidi.

Shemeji, hapa ndipo utataka kuruka. Usiruke. Ndewario aliniambia akiangalia pembeni, "Ndugu yangu, nisamehe. Sisimizi wanajaa pale nyuma ya migomba mama yako anapokwenda haja ndogo." Hapa kiwandani gunia likitoboka, sisimizi ndio wa kwanza kujua. Unaona mstari wao kabla hujaona sukari. Basi mama, wewe ni gunia lililotoboka. Ninayokutumia inakupita na kumwagika, na ikipita inakula mguu.

Nao mguu huo naujua. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunakwenda sokoni Arusha mjini, wewe umebeba mkungu wa ndizi kichwani, mimi nyuma yako. Njia nzima sikuona kitu kingine isipokuwa visigino vyako. Vilikuwa vimepasuka, vimejaa udongo mwekundu, na vilikuwa havitelezi hata mvua iwe imenyesha. Nilikuwa nakanyaga pale pale ulipokanyaga. Nikilalamika njia ni ndefu unasema bila kugeuka, "Angalia mguu wangu, usiangalie njia." Nimelikumbuka neno hilo siku nyingi nikiwa katikati ya shamba ambalo huoni mwisho wake. Huku hakuna wa kumwangalia mguu. Nakata tu.

Nilimuuliza Ndewario kama ni mimi niliyekuletea ugonjwa. Alisema na yeye alimuuliza dresa hivyo hivyo, maana na yeye ndiye aliyekuwa anabeba mfuko. Dresa alimwambia ugonjwa huu unawapata hata watu ambao sukari wanaiona kwa jirani. Ila ukishakupata, kila kijiko ni adui. Sitabishana naye. Nimechoka kubishana, hapa nabishana na nyapara kila asubuhi.

Nimesikia pia habari ya vidonge. Dresa alikupa vile vidogo vyeupe vya kutia kwenye chai, vyenye utamu lakini si sukari. Anaeli akakitia kimoja, ukaonja, ukatema kwenye majivu. "Huu utamu ni tapeli," ukasema. "Unaingia umevaa nguo za kanisani, ukitoka unaacha uchungu kooni." Ukamtupia kuku kimoja, kuku akakigeuza kwa mdomo akakiacha. "Mnaona? Hata kuku!" Ndewario aliigiza sauti yako, kambi nzima ikacheka, na mimi nikacheka mpaka nikaanza kulia, wakadhani ni moshi. Mama, sitakulazimisha vidonge. Ukivipatanisha na ulimi wako, sawa. Ukishindwa, mwachie kuku.

Najua utakalosema baada ya hapo. Utasema basi asali, asali ni dawa, baba yako alikula asali maisha yake yote. Dresa amekwisha kulijibu hilo. Alisema damu yako haijui kama utamu umetoka kwa nyuki au umetoka kiwandani. Utasema basi ndizi mbivu. Nakumbuka wakati wa vita, sukari ilipopotea madukani mjini, na mwinjilisti akatutembelea. Ulimpondea ndizi mbivu kwenye uji wa ulezi. Akanywa, akashangaa, "Mama, sukari umeipata wapi siku hizi?" Ukamjibu, "Imeanguka kutoka mgombani." Aliondoka anacheka mpaka njiani. Lakini mama, hata ile iliyoanguka kutoka mgombani imo kwenye vilivyokatazwa. Na muwa wa kutafuna, usiniulize.

Kilichobaki ni chai yenyewe. Hiyo naijua, nakunywa kila siku. Sitakudanganya, siku za kwanza ni kama maji yaliyooshea sufuria. Unakishika kikombe, unakiweka, unakishika. Halafu pole pole unaanza kusikia majani yenyewe, unasikia moshi wa kuni. Wewe una maziwa ya ng'ombe wako na tangawizi shambani, vitu ambavyo mimi huku naviota. Maziwa yale yana utamu wao kidogo, umesahau tu kwa sababu nilikufunika ulimi na sukari. Jaribu asubuhi moja. Ukishindwa, nitukane. Kesho yake jaribu tena.

Sasa nyinyi mama zangu mliokaa hapo, shikamooni. Naomba radhi kuwasema mbele ya watu. Ndewario hakunificha: mnamletea mama sukari mmeifunga kwenye ncha ya kanga, mkimwonea huruma kwa kuwa mkwewe Anaeli amemnyima. Mnamwambia, "Onja kidogo, kidogo haiui." Najua mnampenda. Mmoja wenu alinibeba mgongoni siku nilipong'atwa na mbwa, sijasahau. Lakini mkija, leteni mchicha, leteni maharage, au njooni na maneno matupu, anayapenda maneno. Na akiwakaribisha chai, inyweni kama yake. Msiitishe sukari. Asiwe yeye peke yake anayekunywa chungu huku anawaangalia wenzake wakikoroga. Mkifanya hivyo mtakuwa mmenisaidia kazi ambayo nilipaswa kuifanya mimi, na mimi niko huku nakata miwa ya watu.

Mama, nakuja. Nikimaliza kipande hiki naomba ruhusa, na nyapara akininyima naondoka hivyo hivyo, watafute mwingine mwenye mgongo mzima. Ndugu zako watauliza nimeleta nini. Sitaleta sukari. Hii ya Jumamosi iliyopita nimekwisha kumpa mpishi wa kambi, na alidhani nina homa.

Umesema nikija bila sukari utajua nimekusahau. Nimelifikiria neno hilo kwenye mistari ya miwa, huku nakata, nimeligeuza kila upande. Miaka yote hii nilikuwa nakutumia mfuko ili usinisahau wewe. Ndiyo hivyo. Mtu akiwa mbali anaogopa kwamba nyumbani wameshazoea pengo lake. Mfuko ukifika, jina langu linatajwa, kikombe kinakorogwa, naonekana nipo. Bila mfuko nilijiona sina kitu cha kukuthibitishia kuwa mimi bado ni wako. Naona na wewe ulikuwa hivyo hivyo. Uliificha kwenye kibuyu kwa sababu ilikuwa imetoka kwangu, si kwa sababu ya utamu wake. Basi tuiache, mama, wote wawili, maana tunaweza kukumbukana bila yake.

Utaniona nikitokea kwenye njia ya mfereji. Mbwa atabweka, mwache. Safari hii sitanawa. Nitakuja moja kwa moja hadi ulipo bila kumsalimu mtu, nikufungulie kiganja changu kitupu. Ukilambe hivyo hivyo, mbele ya hawa wote, na wakitaka kucheka wacheke. Utakuta chumvi. Utakuta makovu ya majani ya miwa, na masizi ambayo nasugua kwa mchanga na hayatoki. Ulishaniambia siku ile jasho langu unalijua, sasa utalipata bila kuchanganywa na kitu.

Kisha nitakuuliza, "Habari za nyumbani?" Nataka unijibu ukiwa umesimama, kwa miguu yako yote miwili, na visigino vyako vina udongo.

Kunywa chai yako, mama. Na mimi hapa nimeshika yangu.

Ni mimi mwanao, kitinda mimba wako, ninayetembea bado nyuma ya visigino vyako.