Hari ya Vidole

Kiseke, Mwanza

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itawakuta mkiwa wazima huko Bujora, wewe na mama. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi homa sina, nashukuru. Uniwie radhi kwa mwandiko, utauona umepinda. Sikupigi simu kwa sababu simu yako huipokea mama, na haya ni ya kwako peke yako.

Albamu yangu imetoka, Baba. Nyimbo tisa za piano tupu, hakuna mwimbaji wala ngoma, na zote zinakwenda mbio. Nkwabi, aliyenirekodi, ndiye aliyeipa jina. Aliniuliza mbona sitaki hata wimbo mmoja wa taratibu, nikamjibu kuwa ni hali ya vidole. Yeye akadhani ni ule ulimi wetu wa Kisukuma, kwamba r imenishinda, akanisahihisha kwenye jalada: Hari ya Vidole. Nilipoliona lilikuwa limeshachapwa. Nikacheka, nikaliacha hivyo hivyo.

Basi nimesifiwa mpaka naona aibu. Mhakiki wa gazeti moja la Dar es Salaam ameandika kwamba muziki unatiririka bila kuvuta pumzi, na kwamba jina limesema yote, maana jasho analisikia kwenye kila noti. Jirani yangu Najat amekibandika kipande hicho dukani kwake. Ni mzee Alexander tu, yule aliyenifundisha piano kanisani, aliyeandika kwenye jarida la parokia kuwa mpigaji ni hodari, ila kuna kitu anakikimbia, naye angependa kumsikia akisimama. Sifa nyingine zote nimezisahau. Hayo maneno yake nalala nayo na kuamka nayo.

Sasa wameniandalia onyesho Jumamosi ya wiki ijayo, kwenye ukumbi mmoja kule Capripoint, na wenye ukumbi wameomba nifunge kwa wimbo wa taratibu. Wameuchagua wenyewe: ule wa kuwarudisha ng'ombe, uliokuwa ukiupiga kwa zeze. Nilikubali mbele yao, nikafika nyumbani nikaogopa.

Nikuambie ambalo hata mume wangu Obedi halijui. Vidole vyangu vinatetemeka. Vilianza mwaka jana, mkono wa kulia. Nikipiga mbio hakuna anayejua, maana kila kidole kinaondoka kabla hakijanisaliti. Nikikiacha kitulie, kinagonga chenyewe, na noti moja inasikika mara tatu. Mbio wanazozisifu ni maficho tu. Hospitali sijaenda. Najua wataniuliza kama kuna mwingine katika ukoo, na sina la kujibu.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Zeze ulilitundika juu ya mlango mwaka niliomaliza darasa la saba, ukatuambia umezeeka. Nimepiga hesabu, ulikuwa na miaka arobaini na moja. Na tangu mwaka huo kikombe cha chai unakishika kwa mikono miwili, sisi tukadhani unapasha viganja moto. Baba, ulikuwa uzee?

Mama msalimie sana, ila usimsomee barua hii. Jibu mpe jirani yenu Malimi, anakuja mjini Alhamisi. Hata neno moja litanitosha. Na kama kuandika kunakusumbua, tafadhali usimtafute mtu wa kukuandikia. Andika hivyo hivyo. Mwandiko wako nitausoma.

Mwanao,
Sabina