Munir Kambeba Somo Wako

Barking, London
8 Februari 1998

Mpendwa wifi yangu Bi Sheikha,

Asalaam aleikum. Iddi imewakuta salama hapo Wete? Na goti lako, limepata nafuu? Sisi huku wazima, Alhamdulillahi, ila baridi hii ingekutoa machozi.

Sasa kaa kitako. Mwanao Munir amembeba mtoto!

Kila simu ulikuwa ukiniuliza, nami nikikukwepa. Ukweli ni kwamba tangu Haifa ajifungue, Munir hakumgusa binti yake. Nepi ananunua, lakini kumpakata hataki, eti atamwangusha. Hata jina halitaji, anamwita "huyo." Haifa akachoka. Arobaini ilipokwisha akaanza kupanga begi, arudi kwa mama yake Dubai.

Nikasema, na mimi Jokha, shangazi mtu, nipo hai? Haiwi!

Unaikumbuka ile kaseti aliyokuja nayo Munir kutoka masomoni Odessa? Ni senema ya Kirusi ya zamani, haina sauti, maandishi tu. Kijana kaachiwa mtoto mchanga, anahangaika kumtupa: mara sokoni, mara kwa mpiga picha, na kila mara anarudishiwa. Nikaishawishi jumuiya tuionyeshe kwenye sherehe ya Iddi, na Munir, ajuaye Kirusi, atusomee kwa Kiswahili.

Jana ukumbi ulifurika. Munir kashika maikrofoni, anasoma, "Huyu si wangu! Mchukueni!" Unawajua wanawake wetu mbele ya senema, hawanyamazi. "Wako huyo, muhuni wee! Pua hiyo ya nani?" Watu hoi kwa kicheko, Munir jasho linamtoka.

Mara mtoto wake akaanza kulia. Haifa akainuka, akaenda mpaka mbele, akamtia mtoto mikononi mwa Munir, akarudi kukaa. Wallahi hilo sikumtuma! Munir aende wapi? Maandishi yanapita na watu wanamsubiri. Akasoma, mtoto kifuani, na mtoto kwa kuisikia ile sauti akanyamaza.

Taa zilipowashwa nikamfuata nimpokee mtoto. Akanikatalia kwenye maikrofoni, ukumbi mzima unasikia: "Muache, shangazi. Sheikha ni wangu."

Jina lako, wifi! Vigelegele vilitikisa madirisha, nami nikalia kama mjinga. Leo nguo za Haifa zimerudi kabatini.

Nisalimie kaka yangu Abdulwakil, umwambie mwanawe kamshinda, maana yeye aliogopa kumbeba Munir mpaka alipoanza kutambaa. Salamu pia kwa jirani yako Bi Zuwena. Mola akupe umri umpakate somo wako kwa mikono yako.

Na ukipiga simu Munir akachelewa kuipokea, usiudhike. Mikono yake haina nafasi.

Wifi yako akupendaye,
Jokha