Usiipanguze Barua Hii

Kajiado, nyumbani,
siku ya soko.

Kwa mjukuu wangu Resian,

Takwenya. Najua umeitikia hapo ulipo, hata kama ni kwa roho, kwa sababu hivyo ndivyo nilikulea. Huku tuko wazima. Mvua ilinyesha ya kulaza vumbi tu, mbuzi wanazaa, goti langu la kushoto linauma kama kawaida yake na la kulia limeanza kumwiga mwenzake. Na wewe, hujambo? Umekula? Usinijibu ati umekula ule mkate wa baridi. Nauliza chakula.

Utashangaa kwa nini naandika na simu niko nayo. Simu ukikasirika unakata. Tena kuna kitu nataka kukutumia ambacho simu haibebi, utakiona mbele, usikimbilie mwisho kama mwizi. Rafiki yako Makena anakuja huko kuanza hiyo kazi yenu ya opea, ya kukaa kwa watu kama mtoto wa nyumba, uwalelee mtoto nao wakufundishe lugha yao. Barua nimempa mkononi. Nimemwambia asiipanguze hata akiona imechafuka, na wewe pia usiipanguze. Mwandiko ni wa darasa la tatu, lakini ni wangu. Sijaandikiwa na mtu.

Mama yako alitoka Kitengela Jumapili akaja hapa na uso wa mtu anayedai mahari. Chai alikataa. Akasema umekataa kufanya mtihani wa Kijerumani, ule wa kukuingiza shule ya unesi, na mwaka wako kwa hiyo familia ukiisha unarudi nyumbani. Akasema unalia kwa simu, unasema Koko alikuja kukutembelea akatoka huko bila kukubariki, na mtu ambaye nyanya yake amemnyima mate ya baraka hawezi kupita mtihani wowote. Akaniuliza nilikuwa na roho gani. Jane, niliyemzaa mimi, ananiuliza roho! Nilimwambia akae chini anywe chai kwanza. Hakuna neno la maana lilisemwa na mtu mwenye koo kavu.

Hata yule Rahab anayeuza vitenge kando ya saluni amepata la kusema. Aliniambia mbele ya watu wa kanisa ati msichana wetu msomi amevuka bahari kwenda kufuta watoto makamasi. Nikamuuliza yake alifutwa na nani, ama alizaliwa akiwa na leso mkononi. Watu walicheka mpaka mchungaji akageuka. Mimi nilikuwa na aibu na hiyo kazi kabla sijaiona, nakubali. Nilikuwa naambia watu uko chuoni. Sasa nimeiona, nasema wazi: mjukuu wangu analea. Kulea si kazi ndogo, ningesema ni ndogo ningekuwa najitukana mwenyewe.

Na hapa sasa nitakugombeza, kaa vizuri.

Ulinipokea vyema. Hilo nalitanguliza ndio usiseme sina shukrani. Ulinipa kitanda chako ukalala chini kwa lile godoro la kujazwa upepo. Ulizunguka mji mzima ukitafuta unga, ukapata ule wa manjano, ugali ukatoka kama uji wa mgonjwa, nikala nikamaliza. Lakini ulikuwa unanitafsiria nusu. Mimi nasema maneno kumi, wewe unatoa matatu. Unafikiri sikuona? Nilipomwambia Mama Emil, mwenyeji wako, kwamba nyumba yake ni safi lakini chai yake ni maji ya kuoshea majani, ulisema kitu kifupi na yeye akatabasamu. Hakuna mwanamke anatabasamu akiambiwa hivyo juu ya chai yake.

Na ile siku aliniuliza mezani niko na wajukuu wangapi. Nikanyamaza, kwa sababu watoto hawahesabiwi, si viazi, na wewe unajua hivyo tangu ukiwa mdogo. Badala ya kumweleza, ukamwambia ati nimesahau. Uliniambia baadaye jikoni ukicheka, ati ilikuwa rahisi zaidi. Nimesahau! Wajukuu wangu! Ng'ombe wa marehemu babu yako waliokufa kiangazi nawakumbuka kwa rangi, ndio nikusahau wewe?

Lakini Emil ulimfundisha. Kila asubuhi kale katoto kalikuwa kanashuka ngazi, kanakuja mpaka mbele yangu, kanainamisha kichwa nikiguse, kama mtoto wa boma. Nywele zake kama nyuzi za mahindi. Moyo wangu ulijaa siku hiyo ya kwanza. Sikukuambia, kwa sababu mtoto akisifiwa usoni anaharibika.

Ndio nikafanya nilichofanya. Mtoto ananiinamia kila siku, ananiletea viatu vyangu bila kutumwa, na mimi mzee nimkalie bure? Nilimtemea mate kidogo kwa paji la uso, kama nilivyokutemea wewe siku uliyozaliwa, na siku ya mtihani wa darasa la nane, na siku ya Form Four. Mama yake alikuwa mlangoni. Alimnyakua mtoto kama ametoka kwa moto. Akampanguza na kitambaa, akampanguza na sabuni, akampanguza tena mpaka paji likawa jekundu, na mtoto analia akinitazama mimi. Kisha akakuambia maneno ya haraka, na wewe ukanigeukia. Hukunitafsiria. Uliniambia, Koko, hapa si Kajiado, unaniaibisha, na kuanzia leo usiachwe na mtoto peke yenu.

Nilipanda kwa chumba chako nikakaa huko. Chakula nilishuka kula, njaa haina heshima. Lakini maneno sikukupa tena, na wewe ukadhani nimekukasirikia mpaka uwanja wa ndege. Ulipoinamisha kichwa pale mbele ya wale askari nikakupa mkono tu, kama mnunuzi wa mbuzi pale Kiserian. Uso wako niliuona. Nimeubeba mpaka nyumbani.

Sasa sikia kile ambacho hujui, na mama yako pia sijamwambia.

Asubuhi ile ya kuondoka ulienda dukani kuninunulia vitu vya kuwapelekea watu wa nyumbani. Mama Emil alikuja na simu yake ile inayoongea, akaiweka mezani kati yetu. Hiyo simu inaongea Kiswahili cha redioni, cha kubembeleza, nilitaka kucheka. Akasema kitu kwa lugha yake, simu ikaniambia kwamba siku ile ya mate, baada ya mimi kupanda juu, ulimfuata mahali pa kufulia nguo. Ukamwambia hayo mate ndiyo yamekuleta mpaka kwake. Ukamwambia kama mate ya nyanya yako ni uchafu, basi na wewe ni uchafu toka siku ya kuzaliwa, na haufai kumshika mtoto wake, na uko tayari kufunga nguo zako twende pamoja. Simu ikasema alikuona umeanza kuzifunga, akakuomba uache. Ikasema anaona haya, hakujua.

Kisha akamwita Emil. Mtoto akaja akainama kama kawaida. Nikamwangalia mama yake, naye akatingisha kichwa, ndiyo. Nikamtemea. Mama Emil alikuwa na kitambaa mkononi, nikakiona, na kile kitambaa kikabaki pale pale mkononi. Hakumpanguza.

Kwa hivyo wewe ndiwe ulinisimamia, msichana mjinga wewe, na hukuniambia. Mdomo wako kwangu ulikuwa wa kunigombeza, na kule kwa kufulia ulikuwa unaweka kazi yako kwa meza kwa ajili yangu. Kwani ungeniambia ningekuwa nani nisikusamehe?

Resian, sikukunyima. Pale uwanja wa ndege nilikuwa nimekaza koo ndio nisilie, na mtu aliyekaza koo hana mate. Ningefungua mdomo, mimi, mbele ya askari wa watu, machozi yangetoka kwanza. Sijawahi kulia mbele ya mtu tangu tumzike babu yako, na singeanzia Ujerumani. Hivyo tu. Ukimwambia mtu nitakataa, na wataniamini mimi.

Mtihani utafanya. Nyumbani utarudi ukiwa nesi, ama ukiwa umejaribu ukaanguka na ukajaribu tena, lakini hautarudi kwa sababu ya goti la kizee na koo yake. Huyo Rahab ana kisukari, anahitaji mtu wa kumdunga sindano, na mimi nataka awe ni wewe.

Msalimie Baba Emil, mwambie ile dawa ya goti aliyonipa imeshindwa na goti moja, na sasa ni mawili. Msalimie Mama Emil, umwambie chai yake bado ni mbaya, na safari hii tafsiri yote. Emil mguse kichwa kwa niaba yangu kila asubuhi. Mama yako anakusalimu, hatimaye alikunywa vikombe vitatu. Mjomba wako Saruni anauliza kama kuna baridi. Nimemwambia ndiyo na aache kuuliza kila wiki.

Hapo chini ya jina langu karatasi imevimba kidogo na wino umetawanyika. Si mvua, na si Makena amemwaga chai. Asubuhi hii nimekunywa maziwa, nimekaa juani mpaka moyo ukapoa, na koo ikafunguka. Siku ya mtihani, kabla hujatoka nje, inamisha kichwa, weka hapo palipovimba kwa paji la uso, useme naai, iwe hivyo. Enkai, Mungu wetu, akutangulie mlangoni.

Ni mimi Koko wako,
Kakenya, mama yake Jane.