Sauti ya Mwali Darasani

Somo yangu, Bi Tatu,

Zuhura amefaulu. Naanza na hilo kwa sababu ningeanza na salamu ungenikatiza: "Salamu baadaye. Niambie mtoto wangu kafanyaje." Kafaulu, somo yangu. Jina lake limebaki shuleni.

Nipo mezani kwangu Kibiti, mvua imekatika sasa hivi. Barua hii nimeijaribu mara tatu, na mara zote nimejikuta naandika kiualimu, aya zimepangwa, sentensi zimenyooka. Nimezichana zote. Wewe ndiye uliyenipokea nilipowekwa ndani, msichana mdogo nikilia kwa kukosa vitabu vyangu, ukanifundisha mambo ya utu uzima kwa subira ambayo mimi sijawahi kuwa nayo. Siwezi kukuandikia ripoti. Nitakueleza kama tulivyokuwa tukielezana jikoni kwako Mchukwi, wewe unachambua mchele, mimi nakuzuia kazi.

Siku ile nilipokuja na baiskeli nimekishika kile kinasa sauti, sikukwambia nilivyokuwa na hofu. Nilikuwa nimerudi nacho kutoka semina ya walimu wa lugha Dar es Salaam. Kidude kidogo kama kipande cha sabuni, hakina kaseti, ukibonyeza kinashika sauti, ukibonyeza tena kinaitoa. Zuhura, mwanafunzi wangu anayekipenda Kiingereza kuliko wote, alikuwa ameshawekwa ndani, mwali, nawe ndiye somo wake wa kumfunda. Na mkuu wa shule alikuwa ameshanifungulia daftari la mahudhurio na kusema, "Mwalimu, kiti hakisomi. Siwezi kubeba jina la mtoto asiyeonekana." Hakuwa mtu mbaya. Ni mtu wa bara, kwao hakuna mambo ya mwali. Nilimwomba mpaka akachoka. "Haya. Kama anasoma huko ndani, nisikie. Mwisho wa muhula asimame mbele yangu aseme Kiingereza. Akishindwa, nafuta jina."

Mimi kuingia kwa mwali nisingeweza. Alikuwa akiingia somo wake na bibi yake tu, na mimi sijaolewa. Kwa hiyo nilikuomba uingie na hicho kidude. Makungwi wenzio walikuwepo, na Bi Havijawa alishika mbavu kwa kicheko: "Leo kinasa sauti. Kesho mtatuletea televisheni, mwali aangalie mpira." Uliwaacha wacheke mpaka wakamaliza. Kisha ukasema mwiko ni uso wa mwali, na Kiingereza si uso. Ukakifunga kwenye pindo la kanga ukaingia nacho.

Hukuwahi kuona kilichotokea darasani, na nilikuwa nakusimulia harakaharaka tu. Sasa nina nafasi.

Kila wiki nilikiweka kile kinasa sauti juu ya dawati la Zuhura, mstari wa tatu karibu na dirisha, kikashika somo zima. Nikiuliza swali naacha kimya kidogo, kimya cha Zuhura. Jumamosi nakuletea. Jumapili nakifuata, nakisikiliza nyumbani kwanza. Jumatatu nakichomeka kwenye radio ya shule na Zuhura anajibu. Nyuma yake tulisikia kuku, tulisikia mtu anatwanga, na wewe unakohoa na kumwambia, "Sema tena, umemeza maneno." Hujui Kiingereza hata kidogo, lakini ulijua nani kameza maneno.

Wanafunzi wangu, unawajua. Mtu akifungua mdomo kwa Kiingereza wanamcheka mpaka anakaa, na kesho hafungui tena. Nilihangaika nao mwaka mzima kwa chaki na ukali. Lakini sauti isiyo na uso watamchekaje? Hakuna wa kumtazama, hakuna wa kumnyooshea kidole. Wakaanza kusikiliza. Halafu wakaanza kubishana naye. Zuhura alisema kuishi mjini ni bora kuliko shambani, na wiki nzima watu walikuwa wananiandama wapewe nafasi ya kumjibu. Hamisi, yule mcheshi wao, alisimama akasema, "Mwenzetu kafungiwa anaongea kama mtangazaji, sisi tulio huru tumebana meno." Akabonyeza mwenyewe, akamjibu Zuhura kwa Kiingereza kibovu kabisa, kirefu, bila kusita. Hakuna aliyecheka. Somo yangu, nilitoka nje nikajifanya natafuta chaki.

Mkuu alikuwa anapita kwenye baraza. Wiki ya kwanza alipita. Wiki ya tatu alisimama.

Halafu ikaja ile Jumatatu.

Nilikuwa nimelala na homa Jumapili yote, nikakifuata kwako Jumatatu alfajiri na kukipeleka darasani bila kukisikiliza. Zuhura alijibu vizuri, akamaliza, na akasahau kubonyeza. Kukapita kimya, nikadhani betri imekufa. Kisha ikatoka sauti yako unaimba. Wimbo wa ndani, wa wanawake tu. Mbele ya wavulana. Wasichana waliopita huko waliinamisha vichwa juu ya madawati wote kwa pamoja, na wavulana wakainua vyao. Nilikizima kabla hujafika mstari wa pili. Hamisi akauliza taratibu, "Mwalimu, na hiyo imo kwenye mtihani?" Msichana wa nyuma yake akampiga na daftari.

Nilikuja Mchukwi mchana uleule, homa na yote. Niliona mambo matatu yamekwisha kwa pamoja: shule ya Zuhura, heshima yako kwa wenzio, na mimi kwako. Wewe uliendelea kuchambua mchele. Ukauliza wamesikia kiasi gani. Mstari mmoja. Ukauliza humo ndani mna kiasi gani. Nikasema yote, karibu saa nzima. "Kinafutika?" Nikakuonyesha pa kubonyeza. Ukafuta mikono kwenye kanga, ukabonyeza mwenyewe kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama unaua kunguni. "Imekwenda wapi?" Haiko popote. "Hata Dar haiko?" Hata Dar.

Nilikaa nikisubiri uniambie niondoke na kidude changu nisirudi nacho. Ukanirudishia mkononi ukasema, "Jumamosi usichelewe. Mtoto ana maswali."

Hayo tu. Na jioni ile, niliambiwa baadaye, ulikwenda kwa Bi Havijawa na wenzio ukawaeleza kosa lote kama lako, kwamba wewe ndiye uliyeingia nacho na wewe ndiye uliyepaswa kukizima. Mimi hukuniambia neno.

Sasa nikwambie linaloniuma, halafu niliache. Sauti yako sina. Ule wimbo tuliufuta, na mengine yote, kikohozi chako, "umemeza maneno", nilikuwa nayafuta kila Jumatatu kupisha mapya, maana kidude ni kidogo, hakichukui mengi. Siku ya arobaini baada ya kukuzika nilikibonyeza kutwa nzima. Yamebaki ya wiki ya mwisho tu. Kuku wamo. Anayetwanga yumo. Wewe... Nilikasirika, Bi Tatu. Nilikukasirikia wewe na kile kidole gumba chako. Imeisha sasa. Ungekuwepo ungekibonyeza tena, nami ningekuonyesha pa kubonyeza.

Hukumwona Zuhura akitolewa nje. Mafunzo yake alimalizia Bi Havijawa, na alimaliza vizuri, akipita mlemle mwako. Wiki mbili baadaye ndiyo ikafika siku ya mkuu wa shule.

Tulimweka mbele ya darasa. Kanenepa, kang'aa, wenzake hawajamwona muhula mzima. Mkuu kaketi pembeni, daftari liko gotini. Zuhura akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Nilikuwa nimemfundisha kusema na kidude gizani, sikuwahi kufikiria macho. Macho ya darasa zima. Mkuu akatazama daftari lake, mimi nikatazama sakafu, nikajua nimemwandaa mtoto kwa kila kitu isipokuwa hili.

Basi akageuka. Akatupa mgongo sote, akatazama ubao kama anatazama ukuta wa chumba chako, na akaanza. Nikainuka nimgeuze. Mkuu akaninyooshea mkono: "Mwache, mwalimu. Mimi nilisema nisikie."

Akasema juu ya mpunga wa baba yake kule Mbwera, jinsi viboko wanavyoingia shambani na jinsi watu wanavyokesha dunguni, juu ya kile kichanja cha kulindia, kuwafukuza. Akasema juu ya chumba, yale tu yanayoruhusiwa kusemwa. Akasema kuna mwanamke asiyejua Kiingereza aliyemrudisha nyuma kila alipotamka vibaya. Alipofika hapo akageuka mwenyewe, akatutazama mmoja mmoja, akamalizia akiwa ametukabili, kichwa juu, hakumeza hata neno moja. Darasa lilisimama. Hamisi alipiga dawati mpaka mkuu akamwambia likivunjika atalilipa.

Kisha mkuu akafungua daftari kwenye jina la Zuhura, na pale kwenye wiki zote alizokosa akaandika kwa wino: yupo. Wiki hadi wiki, sote tumesimama tunamtazama. Yupo, yupo, yupo.

Mengine ya huku: nimeolewa. Ndiyo, yule uliyesema ana masikio makubwa. Shule ina vinasa sauti vinne sasa, na Zuhura ndiye anayewaonyesha kidato cha kwanza pa kubonyeza. Mwali mwingine yuko ndani tangu juzi, na safari hii ni mama yake aliyekuja shuleni kuulizia kidude.

Na jana wamekuja wageni kwangu. Mama Zuhura na Bi Havijawa, wamekaa mkekani, wamekunywa chai kwa utaratibu wa watu wenye jambo. Mdogo wake Zuhura, Mwanaidi, amekua. Bi Havijawa akaweka kikombe chini, akasema wamezungumza wote, na wameona somo wake niwe mimi. Nilisema mimi ni mwalimu wa shule, mambo hayo nitayaweza wapi. Akanijibu, "Tatu alikufundisha au hakukufundisha?"

Alinifundisha.

Kwa hiyo nakuahidi hivi, somo yangu. Kiingereza cha Mwanaidi kitaingia kwenye pindo la kanga yangu na kitatoka, kila wiki, hakitakosa hata moja. Lakini ukifika wakati wa yale yako, kidude nitakitoa nje kwanza, nifunge mlango, na nitamwimbia kwa mdomo, mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kama ulivyoniimbia. Nimeupitia wote leo alfajiri nikiwa peke yangu. Sikusahau hata mahali pamoja.

Pumzika, Bi Tatu. Mungu akufanyie wepesi huko uliko. Mwanaidi anawekwa ndani Jumamosi, na anayeingia naye ni mimi.

Mwali wako.