Kwa Ndugu Yangu Aliyeng'oa Itoka

Ndugu yangu Wahome,

Habari zako nimezipata kwa jirani aliyetoka Timau. Amesema umeachishwa kazi kwenye shamba la ngano, umechoshwa na baridi ya huko, na sasa unauliza kama unaweza kurudi Giakanja ukae kwangu. Nilicheka mpaka chai ikafurika jikoni. Umesema "kwa dada", neno lililokushinda kutamka miaka yote ile.

Unaikumbuka Krismasi ile, uhuru ukiwa bado mpya na baba akiwa na nguvu zake? Nilikuwa nimekuja likizo kutoka Nairobi, nilikokuwa yaya, nawe ukavaa sweta niliyokuletea, ukapita nayo kanisani kama diwani. Baba alituita kule chini karibu na mto. Alisema, "Dada yako hajaolewa. Akirudi, ako na mahali ya kuweka sufuria yake." Kisha akapanda itoka kati ya upande wako na wangu, yale maua ya mpakani ambayo kwetu hakuna mwenye akili zake anayeyagusa. Wewe ndiwe uliyeshika kamba ili mstari unyooke. Ulijisifu siku nzima kwamba umenyooka.

Baba akafa. Waajiri wangu wakarudi kwao Ulaya, nami nikarudi kwetu na sanduku langu la bati. Ulinipokea langoni bila kunipa mkono. "Shamba gani? Ati baba alisema? Watu wa taoni wakae taoni." Itoka haikuwepo. Palikuwa na viazi tu, vyako, mpaka mtoni. Ukanionyesha banda la mbuzi, ukasema nikae humo mpaka nijipange. Nikakaa humo kiangazi chote, na majirani walipouliza niliwaambia kwamba ndugu yangu ananitunza jinsi anavyojua.

Nilikuchukia, Wahome, lakini zaidi nilikudharau. Nairobi nimefanyia kazi watu wabaya, ila hata wao walijitahidi katika ubaya wao. Wewe ulikuwa mvivu hata wa kuiba. Mtu anayetaka kumaliza itoka huchimba mpaka chini, akatoa ile mizizi yake minene kama vitunguu, yote. Wewe uliparuza tu kwa jembe, ukaikatakata, ukaiacha humo humo na kupanda viazi juu yake. Mvua ya masika ikaja. Asubuhi moja nilikuwa nikienda kuchota maji, nikaona majani yake yamechomoza katikati ya viazi vyako, kutoka mtoni hadi barabarani. Mstari ulikuwa umenyooka vilevile. Kamba uliishika vizuri, hilo sikunyimi.

Wazee wa ukoo walipokuja kuamua mpaka hawakuniuliza hata swali moja. Walitembea kwenye mstari mpaka mwisho, kisha mkubwa wao akakugeukia.

"Hii ni nini?"

"Hiyo ni majani tu, mzee," ulisema, ukiangalia viatu vyako.

Siku hiyohiyo walinirudishia upande wangu. Baadaye ulimuuzia mwalimu mgeni upande wako, ukaenda Timau bila kuniaga. Mwalimu ni jirani mwema. Hupalilia upande wake, na akifika kwenye itoka huzunguka.

Nimejenga nyumba ya mbao, nina ng'ombe mmoja na mboga za kutosha. Wakati mwingine nikisimama pale mtoni namkumbuka yule kijana wa sweta, aliyenyoosha kamba ulimi ukiwa nje. Nilimpenda, na inaniuma kwamba nilimpenda. Wewe sikuhurumii hata kidogo.

Lakini njoo. Sitakufungia lango, maana shamba hili nilipewa na mtu aliyejua kwamba watu hurudi. Nyumba yangu ina vyumba viwili na vyote ni vyangu. Banda la mbuzi nimelifagia, nimetandika nyasi mpya, na mbuzi nimewasogeza upande mmoja.

Utakaa humo mpaka ujipange.

Ni mimi dada yako,
wa taoni