Jiwe la Sanae

Dada yangu Setsu,

Uniwie radhi kwa kimya changu. Mwani wako mkavu ulifika majira ya mvua, na sasa matufaha yanaanza kuwa mekundu nami sijakushukuru. Si ugonjwa ulionizuia. Kwanza zilikuwa pilikapilika, na tangu juzi nimekosa la kusema ambalo lingekuwa kweli, nawe unajua kwamba siwezi kuandika lisilo kweli. Natumaini magoti yako yamepata nafuu, na kwamba shemeji amekubali kuacha kupanda ngazi zile za hekalu. Sisi huku tu wazima wa mwili.

Habari ya jiwe umekwisha kuisikia. Mwanzoni mwa mwaka Tokuji, ambaye tangu tulipooana hupanda juu ya ghala kila anga linapotakata, aliona kwa darubini yake nukta isiyojulikana na mtu. Wataalamu huiita asteroidi. Hii ni ndogo, haizidi ukubwa wa lori, na hulizunguka jua kwa njia inayokaribia sana ile ya dunia yetu, ila huchelewa kidogo kila mwaka, hata baada ya miongo mingi dunia ikaifikia tena kwa nyuma. Njia hiyo ikithibitishwa, aliyeigundua hupewa haki ya kupendekeza jina.

Kijiji kizima kilichachawa. Bwana Onuki wa duka la pombe ya mchele alianza kuuza maandazi ya maharage yenye mabonyo kama jiwe, na kila Tokuji alipopita alimtania mbele ya wateja: "Mzee, miaka yote tulidhani unachungulia wanaooga chemchemini, kumbe unatafuta mawe! Si yamejaa hapo mtoni?" Tokuji alicheka, yeye ambaye nyumbani hacheki. Ndipo akatangaza, palepale dukani, kwamba jiwe lake litaitwa Sanae.

Unajua kwa nini binti yetu hajakanyaga hapa tangu harusi yake. Siku hiyo baba yake alikuwa kisiwani kusini, akitazama kupatwa kwa jua.

Safari hii alimpigia simu mwenyewe. Baadaye Sanae akanipigia mimi. Aliniuliza, "Mama, huyo baba ana akili timamu kweli? Nilimtaka akae kwenye kiti cha baba harusini, siku moja tu, yeye ananiletea jiwe? Tena lenyewe halishikiki!" Nilimwambia kwamba sina la kumtetea. Kisha akasema kwamba mwanawe, Rui, ameshawatambia wenzake darasani kuwa mama yake yuko angani, na kwamba basi, watakuja juma la kuzuru makaburi, walale hapa. Nilianika magodoro yao juani. Nilimnunulia mtoto bakuli lenye picha ya sungura. Dada, niliimba jikoni, mpaka mke wa Onuki, niliyemfundisha shuleni zamani, akachungulia dirishani kuuliza, "Mwalimu, umeonja chupa yetu au?"

Juzi, tukila kifungua kinywa, Tokuji aliweka vijiti chini akaniambia kwamba si jiwe.

Alieleza kwa utulivu, kama asomaye utabiri wa hali ya hewa. Alisema kitu chake kinahama njia kuliko jiwe liwezavyo. Kwamba mwanga wa jua unakisukuma kama upepo usukumavyo kopo tupu. Kwamba alirudisha hesabu ya njia hiyo nyuma, ikaishia hapahapa duniani, miaka ile mataifa makubwa yaliposhindana kwenda mwezini. Ni kipande cha roketi, pipa la mafuta lililokwisha kazi. Watu wa ng'ambo nao wanakipima, na kabla ya theluji kuanguka watatangaza.

Nilimhurumia. Mzee amekesha maisha yake yote, na mwisho amepata taka. Nikamwuliza alijua lini. Akasema alijua kabla ya kumpigia Sanae simu.

Nikamwuliza kwa nini, basi. Akanijibu bila kuinua macho: "Lingekuwa jiwe kweli, ningesubiri. Hili halina muda. Sasa angekuja kwa lipi jingine, Mama Sanae? Kwa ajili yangu?" Kisha akaninyooshea bakuli, akaomba supu tena. Nikampa.

Nikisema, Sanae hatakuja, na mjukuu wangu nitaendelea kumjua kwa picha. Nikinyamaza, nitakaa nao meza moja, nimtazame binti yangu akimsamehe baba yake kwa sababu ya pipa tupu. Na theluji ikianguka atalisoma gazetini, na hapo hatatenganisha mwongo na yule aliyeupikia uongo wali mwekundu wa sherehe. Tokuji hana cha kupoteza kwake. Mimi ninacho kimoja tu: sijapata kumdanganya binti yangu.

Kesho asubuhi Sanae atapiga simu kuuliza wapande treni ipi. Magodoro bado yanapigwa na upepo hapo nje, nami sijayaingiza. Msalimie shemeji, na jifunike magoti usiku. Nikishaamua la kumjibu nitakuandikia, hata kama ni mstari mmoja. Wewe usiniandikie kwanza. Najua ungenishauri nini, tena najua kwamba ni sahihi. Ndiyo maana sitaki kukisoma.

Mdogo wako,
Wakae